Mwalimu mkuu asiye na pesa wala paa: Jinsi akili ya kijamii inavyoamua huduma za shule mjini Juba

Tarehe 20 Februari 2025, serikali ya Sudan Kusini iliamuru shule zote nchini zifungwe kwa wiki mbili kutokana na joto kali. Naibu Waziri wa Elimu, Martin Tako Moi, alieleza kwamba mjini Juba wanafunzi wapatao 12 walikuwa wakizirai kila siku. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwezi Machi 2024, shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu hiyo hiyo, wakati joto lilipotarajiwa kufikia nyuzi 45 za Selsiasi.

Amri ilitoka wizarani. Hata hivyo, kabla haijatoka, zilipita siku ambazo uamuzi ulikuwa mikononi mwa watu wengine kabisa: walimu wakuu. Shule nyingi nchini humo zimejengwa kwa mabati, wala hazina umeme wa kuendesha hata feni. Katika mazingira hayo, ni mwalimu mkuu anayeamua kama watoto watatolewa darasani saa tano na kuketi chini ya mti, kama ratiba itasogezwa iishe mapema, na kama mwalimu wa darasa la pili anayesema "watoto wangu wanachoka" atasikilizwa au ataambiwa arudi kufundisha.

Uamuzi wa namna hiyo hauhitaji bajeti. Unahitaji mtu anayeona hali za wenzake, anayeamini wanachomwambia na anayejua la kufanya. Uwezo huo wataalamu wa saikolojia wanauita akili ya kijamii, na makala haya yanaeleza kwa nini una uzito mkubwa katika mtaa kama Lemon Gaba.

Mtaa wenye lugha nyingi

Lemon Gaba ni mmoja wa mitaa ya jiji la Juba. Jina lenyewe lina historia ya kilugha: katika Kiarabu cha Juba, lugha inayotumika sokoni na mitaani kila siku, gaba ni msitu au pori. Juba ilipanuka kwa kasi baada ya mkataba wa amani wa 2005, na tena baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, hata yaliyokuwa mapori yakawa makazi ya watu.

Waliojaza makazi ya jiji hilo hawakutoka mahali pamoja. Wapo waliorejea kutoka kambi za wakimbizi nchini Uganda, na wengine kutoka Kakuma nchini Kenya, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992. Wapo wafanyabiashara na mafundi kutoka Kenya, Uganda na Kongo. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, zaidi ya watu milioni moja wamevuka mpaka kuingia Sudan Kusini, na wengi wao ni watoto wa umri wa kwenda shule.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili, shule mara nyingi ni mahali pa kwanza pa kukutana na taasisi ya nchi ana kwa ana. Mzazi hufika langoni akiwa na ripoti ya shule ya nchi nyingine, mtoto anayejua Kiswahili na Kiingereza kidogo, na Kiarabu cha Juba ambacho bado kinamsumbua ulimini. Jinsi atakavyopokelewa hapo ndiyo huduma ya kwanza anayopewa.

Akili ya kijamii ni nini hasa?

Dhana hii ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliitenga na akili ya kushughulika na mawazo na ile ya kushughulika na vitu. Alieleza kuwa ni uwezo wa kuwaelewa watu na kutenda kwa busara katika mahusiano nao. Mwaka 1983, Howard Gardner wa Chuo Kikuu cha Harvard aliijumuisha katika nadharia yake ya akili za aina nyingi, na mwaka 2006 mwandishi Daniel Goleman aliandika kitabu kizima juu yake.

Kwa wasemaji wa Kiswahili jambo lenyewe si geni. Husemwa kwamba fulani "anajua kukaa na watu". Lakini msemo huo hubeba mambo matatu tofauti. La kwanza ni kusoma hali, yaani kutambua kwamba mwalimu aliyenyamaza mkutanoni hajakubali bali amekata tamaa. La pili ni kuona jambo kwa jicho la mwenzako: kujua kwamba mzazi anayefoka huenda anaficha aibu ya kukosa ada. La tatu ni kutenda: kuchagua neno, mahali na wakati unaofaa ili tatizo litatuliwe bila mtu kudhalilika.

Mtu anaweza kuwa na mawili ya kwanza akakosa la tatu. Mwalimu mkuu anayeelewa kila kitu na asifanye lolote hajatoa huduma yoyote.

Je, kuna ushahidi?

Utafiti unaorejelewa mara nyingi juu ya suala hili ulifanyika mbali na Afrika Mashariki. Mwaka 2002 watafiti Anthony Bryk na Barbara Schneider walichapisha matokeo ya kazi yao katika shule za msingi za jiji la Chicago, Marekani, waliyoifanya katika miaka ya 1990. Walipima kiasi cha kuaminiana kati ya walimu, wazazi na wakuu wa shule, kisha wakalinganisha na maendeleo ya wanafunzi katika kusoma na hisabati.

Walichokiona kilikuwa wazi. Shule zilizokuwa na kuaminiana kwa nguvu tangu mwanzo zilikuwa na uwezekano wa moja kati ya mbili wa kupata maendeleo. Zile ambazo kuaminiana kulikuwa dhaifu, uwezekano wake ulikuwa moja kati ya saba.

Watafiti hao walieleza kwamba kuaminiana hujengwa na mambo manne: heshima, kumjali mtu kupita mipaka ya kazi yake, uwezo wa kutimiza wajibu, na uadilifu. Kila siku watu wa shule huwaangalia viongozi wao na kujiuliza kama mambo hayo manne yapo. Moja likikosekana, mengine huanza kuyumba.

Chicago si Juba. Huko mwalimu hulipwa mshahara kila mwezi na darasa lina paa. Lakini sababu za kuaminiana kuzaa matunda zinaeleweka popote. Mwalimu anayemwamini kiongozi wake hukiri kwamba somo limemshinda na kuomba msaada. Mzazi anayeiamini shule husema mapema kwamba mtoto ana tatizo. Habari hufika kwa mwalimu mkuu zikiwa bado mbichi, wakati zinaweza kufanyiwa kazi.

Mkono mtupu

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo inawagusa sana viongozi wa shule za Sudan Kusini.

Mwezi Februari 2024, bomba linalosafirisha mafuta ghafi ya nchi hiyo kupitia Sudan liliharibika, na pato kuu la serikali likapungua vibaya. Watumishi wa umma, walimu wakiwemo, walikaa miezi mingi bila mishahara. Tatizo halikuanza mwaka huo. Kuanzia 2017, Umoja wa Ulaya uligharimia mpango wa kuwapa walimu wa shule za msingi dola 40 za Marekani kwa mwezi ili wasiache kazi, kwa kuwa thamani ya mishahara yao ilikuwa imeporomoka.

Mwalimu mkuu wa shule ya umma, basi, anawaongoza watu ambao hana cha kuwalipa. Hawezi kuwalazimisha, kwa sababu anayefukuzwa kazi isiyolipa hapotezi kitu. Mwalimu asiyelipwa huuza bidhaa sokoni, huendesha bodaboda au hufundisha vipindi katika shule binafsi. Siku asipofika, darasa la watoto 80 hubaki likipiga kelele.

Hapa ndipo tofauti kati ya kiongozi na kiongozi huonekana. Mmoja huandika majina ya watoro ubaoni na kuwakaripia mbele ya wanafunzi. Kesho yake wanaofika ni wachache zaidi. Mwingine huita kikao, hukiri waziwazi kwamba mshahara haujatoka na kwamba hajui utatoka lini, kisha huuliza kila mmoja ni siku zipi anaweza kufika bila kukosa. Ratiba hupangwa upya kwa kufuata majibu hayo, na hubandikwa mahali ambapo kila mtu anaiona, ili pasiwe na anayedhani kwamba mwenzake amependelewa.

Ratiba kama hiyo haimlishi mwalimu. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba hisabati ya darasa la nane haikosi mwalimu siku zote tano. Kwa mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, hilo linaweza kuamua kama atafaulu au atashindwa.

Ada, wasichana na mlango wa ofisi

Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 inatamka kwamba elimu ya msingi ni ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya mwaka 2012 ilitilia mkazo jambo hilo, na mwezi Februari 2023 Rais Salva Kiir alitangaza tena kwamba shule za umma, za msingi na za sekondari, zisitoze ada. Hata hivyo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, limekadiria kuwa watoto wapatao milioni 2.8 wako nje ya shule nchini humo.

Pengo kati ya sheria na hali halisi hukutania mlangoni pa mwalimu mkuu. Shule isiyopata fedha za kutosha huomba michango ya wazazi, na shule binafsi hutoza ada. Mtoto asipolipa, kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kusoma majina mistarini asubuhi na kuwarudisha nyumbani waliotajwa. Ya pili ni kumwita mzazi faraghani na kukubaliana naye kiasi na tarehe, huku mtoto akiendelea kukaa darasani.

Njia ya kwanza huonekana ya haraka. Lakini msichana wa miaka 14 aliyetajwa mbele ya shule nzima huenda asirudi hata pesa ikipatikana, na nyumbani huenda tayari yapo mazungumzo ya mahari. Ndoa za mapema zimekuwa miongoni mwa sababu kuu za wasichana wa Sudan Kusini kuacha masomo. Mpango wa elimu ya wasichana unaojulikana kwa kifupi kama GESS, ulioanza mwaka 2013 kwa ufadhili wa Uingereza, ulitoa fedha taslimu kwa wasichana kuanzia darasa la tano na ruzuku kwa shule. Mpango huo pia ulizitaka shule kuweka kumbukumbu za mahudhurio.

Daftari la mahudhurio humwonyesha mwalimu mkuu kwamba binti fulani amekosa siku nne. Kinachofuata hakiandikwi katika daftari lolote: nani atatumwa nyumbani kwao, atazungumza na nani kati ya baba, mama na mjomba, na atatumia lugha gani. Kiongozi anayezifahamu familia za mtaa wake hujua kwamba mara nyingine mwalimu wa kike mwenye umri mkubwa atafungua mlango ambao barua yenye muhuri haiwezi kuufungua.

Lugha na mtoto mgeni

Katiba hiyo hiyo inaitaja lugha ya Kiingereza kuwa lugha ya kazi za serikali na ya kufundishia. Katika madarasa ya mwanzo, mtaala unaruhusu lugha za kienyeji, na mjini Juba walimu wengi hufafanua mambo kwa Kiarabu cha Juba. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, ambamo Kiswahili kina nafasi rasmi, lakini katika shule nyingi mtoto anayekijua bado huonekana mgeni.

Hatari iliyopo ni kumchukulia mtoto huyo kuwa hajui kitu, na kumrudisha nyuma madarasa mawili kwa sababu tu hakuelewa swali aliloulizwa. Mtoto aliyesoma hadi darasa la sita Kakuma au Kampala anaweza kuwa na hesabu safi kichwani, akakosa maneno ya kuzieleza. Kiongozi mwenye akili ya kijamii humpa jaribio la maandishi, humtafutia mwanafunzi mwenzake anayeelewa lugha zote mbili, na humwambia mzazi waziwazi ni baada ya muda gani nafasi yake itaangaliwa upya. Huduma hiyo huchukua asubuhi moja. Isipotolewa, mtoto hupoteza miaka miwili.

Ikumbukwe pia kwamba Sudan Kusini iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 2015. Mkataba huo unamlinda kila mtoto aliye ndani ya mipaka ya nchi, bila kujali uraia wa wazazi wake.

Pale upole unapoficha maovu

Upo upande wa pili ambao haupaswi kunyamaziwa. Ujuzi wa kusoma watu unaweza kutumiwa kuwatuliza ili wasiulize maswali. Yupo kiongozi anayemjua kila mzazi kwa jina, anayehudhuria misiba na harusi zote, na ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza michango ya muhula uliopita ilikwenda wapi. Yupo pia anayemwendea mzazi wa mtoto aliyepigwa, akazungumza kwa unyenyekevu mpaka malalamiko yakafutwa, na mwalimu aliyepiga akabaki darasani na fimbo yake.

Kifungu cha 17 cha Katiba ya Mpito kinampa mtoto haki ya kutopewa adhabu ya viboko na mtu yeyote, wakiwemo wazazi na uongozi wa shule. Kumaliza shauri kama hilo kwa maneno matamu ni kumnyima mtoto haki yake, hata kama watu wazima wote wameondoka wakipeana mikono.

Ndiyo maana Bryk na Schneider waliweka uadilifu na uwezo pamoja na heshima. Akili ya kijamii inayohesabika kuwa huduma huacha alama zinazoweza kukaguliwa: risiti, kumbukumbu za vikao, malalamiko yaliyopata majibu. Sheria ya Elimu ya 2012 imeziweka kamati za usimamizi wa shule na vyama vya wazazi na walimu kuwa sehemu ya uendeshaji wa shule. Mwalimu mkuu mwema hahitaji kuogopa kamati inayouliza, na asiye mwema huifanya iwe mhuri wake.

Je, yanaweza kufundishwa?

Nchi jirani zimejibu kwamba inawezekana, angalau kwa sehemu. Tanzania ina Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao yake Bagamoyo. Kenya ilianzisha mwaka 1981 taasisi ambayo leo inajulikana kama KEMI, inayowafunza wakuu wa shule usimamizi wa fedha na wa watu.

Kenya ina sababu chungu ya kulizingatia jambo hili. Mwezi Machi 2001, moto katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliwaua wanafunzi 67. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilikumbwa na visa vya moto. Katika mijadala iliyofuata, jambo moja lilijirudia: wanafunzi kukosa njia ya kusikilizwa kabla hasira haijageuka kuwa kiberiti. Mabaraza ya wanafunzi na mikutano ya wazi na uongozi yalipendekezwa kuwa sehemu ya tiba.

Mafunzo hayambadilishi mtu asiyependa watu akawa mkarimu. Yanachoweza kufanya ni kumpa mazoea: kuzunguka madarasani kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi, kumsikiliza mlalamikaji mpaka mwisho kabla ya kujibu, kurudisha jibu hata kama jibu ni hapana. Mazoea hayo yakirudiwa kwa muhula mzima, walimu na wazazi huanza kuyategemea.

Mzazi aangalie nini?

Mzazi anayemtafutia mtoto wake shule, Lemon Gaba au kwingineko, anaweza kupima mambo haya bila fomu wala kipimo cha kitaalamu. Je, mgeni akifika langoni anaulizwa shida yake au anaachwa asimame? Je, mwalimu mkuu anajua ni watoto wangapi hawakufika leo, na kwa nini? Michango inatolewa risiti? Mzazi aliyelalamika muhula uliopita alijibiwa nini? Na kunapokuwa na joto kali, nani anaamua watoto watoke darasani, na huamua saa ngapi?

Majibu ya maswali hayo hayaondoi wajibu wa serikali. Mwalimu mkuu mwenye busara hawezi kuugeuza ukuta wa bati kuwa tofali, wala hawezi kulipa mishahara ya miezi iliyopita. Viongozi wa namna hiyo nao huchoka, na shule inayosimama kwa wema wa mtu mmoja hutikisika siku anapohamishwa.

Joto litarudi tena Februari na Machi, kama lilivyorudi 2024 na 2025. Mpaka madarasa yatakapopata paa zinazofaa na walimu mishahara yao, usalama wa mtoto saa sita mchana utaendelea kumtegemea mtu mzima aliye karibu naye, atakayemwona analegea na kuamini kwamba kweli anaumwa.